Kadi, kodi na kompyuta: IBM ilivyowashika wateja wake

Ukifungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye kompyuta yako, mara nyingi utakuta dirisha lina upana wa herufi 80. Chimbuko la namba hiyo ni kadi ya karatasi ngumu ambayo IBM, kampuni ya Marekani ya mashine za kuchakata kumbukumbu na baadaye kompyuta, iliitoa mwaka 1928: safu wima 80, matundu ya mstatili yanayowakilisha taarifa, kila safu herufi moja. Mimi ni mtu wa meinfremu, kompyuta kubwa za mashirika, na nikiulizwa siri ya IBM huanzia kwenye kadi hiyo.

Historia ya mwanzo inajulikana. Herman Hollerith alitumia kadi zenye matundu kuchakata sensa ya Marekani ya 1890, kampuni yake ikaunganishwa na nyingine mwaka 1911, Thomas Watson, aliyekuja kuiongoza, akaingia 1914, na jina IBM likaja 1924. Kisichozungumzwa sana ni jinsi pesa ilivyoingia. Mashine hazikuuzwa, zilikodishwa, na mkataba ulimbana mteja atumie kadi za IBM tu. Serikali ilikwenda mahakamani, na mwaka 1936 Mahakama ya Juu ikalikataa sharti hilo. Lakini mteja angekwenda wapi? Kumbukumbu zake zote zilikuwa zimeshatobolewa kwa mpangilio wa IBM.

Mbinu hiyohiyo ya kumfunga mteja kwa mpangilio wa IBM, kwa sura ya kiungwana zaidi, ndiyo iliyozaa System/360, familia ya meinfremu iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 1964. Kabla yake, kubadili kompyuta kulimaanisha kuandika upya programu zako. Familia ya 360 ilikuwa na mashine ndogo hadi kubwa, zote zikielewa maagizo yaleyale. Mradi uligharimu takriban dola bilioni 5, mfumo endeshi wake, programu kuu inayoendesha kompyuta, ulichelewa vibaya, na bado naona ulikuwa uamuzi bora kuliko yote waliyowahi kufanya. Baiti (kifungu cha taarifa kinachotosha herufi moja) ya biti 8, yaani sifuri na moja nane, ilienea duniani kutokana nao, na meinfremu za IBM za leo bado zinaendesha programu za enzi hizo.

Halafu ikaja PC, kompyuta binafsi ya IBM, Agosti 1981. Timu ya Boca Raton, Florida, ilikuwa na haraka, hivyo ikachukua chipu ya Intel na mfumo endeshi wa Microsoft, ambao Microsoft ilibaki huru kuwauzia wengine. Kitu pekee cha maana kilichobaki mikononi mwa IBM ni BIOS, programu fupi inayoiamsha mashine. Compaq, kampuni shindani, walikwepa kizuizi hicho kihalali: kundi moja liliichambua BIOS na kuandika inafanya nini, kundi jingine, ambalo halikuwahi kuiona, likaandika yake kuanzia sifuri. Tangu hapo PC ikawa ya kila mtu, na faida ikaelekea kwa Intel na Microsoft.

Mwaka 1993 IBM ilipata hasara ya takriban dola bilioni 8. Lou Gerstner, aliyeshika usukani mwaka huohuo, alikataa mpango wa kuivunja vipande na akaisukuma kwenye huduma. Biashara ya PC iliuzwa kwa Lenovo mwaka 2005. Meinfremu hawakuiuza.