Deni, Simu na Ubongo Usioona Tarehe: Kuendesha Fedha za Nyumbani Ukiwa na ADHD

Dawa ya deni ni kulipa. Methali hii tumeisikia tangu tukiwa wadogo na haina kosa lolote. Tatizo ni kwamba dawa yenyewe hunywewa kwa ratiba: kodi ya nyumba tarehe tano, mchango wa chama tarehe kumi, SACCO mwisho wa mwezi. Na ratiba ndiyo inayomshinda mtu mwenye ADHD.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri umakini, kujizuia na kupanga mambo. Wengi huihusisha na mtoto asiyetulia darasani, lakini mara nyingi huendelea hadi utu uzima. Miguu hutulia, akili ikabaki kurukaruka. Mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, huzungumzia upofu wa wakati. Mwenye hali hii anajua vizuri kwamba tarehe tano inakuja, ila haihisi hadi imfikie mlangoni pamoja na keyateka, yaani msimamizi wa nyumba. Akili ya kawaida huanza kuwashwa siku nne kabla. Yake husubiri moto uwake.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Zamani mtu akitaka mkopo Nairobi alipanda matatu hadi mjini, akapanga foleni benki, akajaza fomu, akatafuta mdhamini. Kero hiyo yote ilikuwa breki. Tangu M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ianze mwaka 2012, na Fuliza, inayojazia salio la M-Pesa lisipotosha, mwaka 2019, mkopo unapatikana kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa walio wengi huo ni wepesi tu. Kwa mtu ambaye ubongo wake una breki dhaifu, tumemwondolea hata zile za barabarani.

Chukulia mama wa kubuni anayeishi Umoja, mwenye mshahara wa shilingi 48,000 na watoto wawili. Hanywi, hachezi kamari, na jirani zake wangekuambia ni mchapakazi. Lakini tokeni za stima huzikumbuka taa zikizima saa tatu usiku, na salio likiwa halitoshi, Fuliza inajazia. Karo ameilipa baada ya tarehe. Sukumawiki ya wiki jana imeoza kwenye friji huku akikopa nyingine kwa mama mboga. Amenunua chaja ya tatu mwaka huu. Mimi huziita gharama hizi kodi ya kusahau. Hakuna anayeipangia bajeti, ilhali inalipwa kila mwezi.

Kisha mshahara unaingia. Anautuma wote kwenye simu na Fuliza inakata chake kwanza, kwa sababu ndivyo ilivyoundwa: pesa yoyote inayoingia M-Pesa hulipa deni hilo kabla ya mwenyewe kuigusa. Kufika tarehe tano kodi haitimii. Anakopa kwenye programu moja ya mikopo, halafu ya pili ili alipe ya kwanza. Tufanye hesabu ndogo. Mkopo wa shilingi 5,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, kama ule wa M-Shwari, unagharimu shilingi 375, kabla ya kuhesabu ushuru. Ukiulipa na kuuchukua upya kila mwezi kwa mwaka mzima, umetoa ada ya shilingi 4,500, na deni la 5,000 bado limekaa palepale.

Utafiti uliofanywa Sweden kwa kutumia rekodi za mikopo, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba vijana wenye ADHD huanza utu uzima wakikopa na kulipa karibu sawa na wenzao. Pengo huja kupanuka katika umri wa makamo, pale kushindwa kulipa kunapoongezeka kwa kasi. Kwa hiyo kijana anayejiona anamudu leo asidhani mazungumzo haya ni ya wazee.

Ushauri wa kawaida wa fedha husema: andika kila matumizi, jitawale, uwe na nidhamu. Nimeona daftari nyingi zilizoandikwa vizuri Januari na kuachwa Februari. Kwa mtu mwenye ADHD nashauri kitu kingine: rudisha ugumu kwenye kukopa, ondoa ugumu kwenye kulipa, na usiitegemee kumbukumbu hata kidogo.

Anza na njia ya mshahara. Kodi ya nyumba isipitie kwenye simu yenye Fuliza. Kama mshahara unaingia benki, weka agizo la kudumu kodi itoke siku ileile, au kesho yake, iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba. SACCO nayo ikatwe kazini. Ila usijikaze kupita kiasi: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na ukiona umebakiza hiyo theluthi moja tu, tayari umevuka mahali pa salama. Wanaopokea pesa kwenye simu wanaweza kutumia M-Pesa Ratiba, iliyoanza mwaka 2024, ambayo hulipa yenyewe kwa tarehe uliyoiweka. Anayepata pesa kila siku, kama mwendesha boda au mama wa kibanda, asingoje mwisho wa mwezi. Atenge kidogo kila jioni kabla hajafika nyumbani.

Sasa madeni yenyewe. Yaandike yote kwenye karatasi moja kubwa kwa kalamu nene: unadaiwa na nani, kiasi gani, tarehe ipi. Ibandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni, mahali utakapoiona ukichukua majani chai na wageni wasiione. Kilichofichika ndani ya simu, kwa ubongo huu, hakipo. Wahasibu watakushauri ulipe kwanza deni lenye riba kubwa, na kihesabu wana haki. Mimi hupendelea tuanze na Fuliza kwa kuwa inatoza kila siku, halafu deni dogo kuliko yote, hata kama riba yake ni nafuu. Kulifuta jina moja kwenye ile karatasi kunampa mtu nguvu ya kuendelea, na ADHD hufuata nguvu hiyo kuliko inavyofuata hesabu. Gharama ya ziada ni shilingi chache. Kukata tamaa mwezi wa tatu ni ghali zaidi.

Fuliza ikishaisha, jiondoe. Ndiyo, inawezekana. Programu za mikopo zifute kwenye simu siku hiyohiyo ya kumaliza kulipa, kabla ile arifa ya kwamba kiwango chako kimepandishwa haijafika.

Msukumo haukai kwenye simu tu. Uko kwenye mdomo. Mwenzako wa kazini anakuomba umdhamini SACCO, unasema sawa kabla hajamaliza sentensi. Kwenye harambee ya mazishi unaahidi elfu kumi kwa sababu umati unapiga makofi. Jizoeze jibu moja tu: “Nitakuambia kesho, kwanza niongee na watu wa nyumbani.” Huku kwetu hakuna anayeliona jibu hilo kuwa la dharau. Kwa upande mwingine, chama cha wanawake au cha vijana wa mtaa huwafaa sana watu hawa, maana pale tarehe ina sura. Mweka hazina anakupigia, na wenzako wanakungoja. Kinachoshindwa kufanywa na kalenda hufanywa na Mama Fulani.

Nyumbani, aibu ndiyo inayouma. Mwenye ADHD amekwisha kuitwa mzembe tangu shule ya msingi, kwa hiyo deni jipya hulificha, na mwenzake akiligundua huona amedanganywa. Tengeni dakika ishirini kila Jumapili jioni, chai ikiwa mezani. Fungueni karatasi, lipeni kinachodaiwa wiki hiyo mkiwa mmekaa pamoja, kisha mfunge mazungumzo. Hakuna kufufua makosa ya mwaka jana. Kukaa na mtu tu, hata asiposema neno, humsaidia mwenye ADHD kuanza kazi aliyoikwepa wiki nzima.

Ukishachelewa kulipa, piga simu kwa mkopeshaji kabla hajakupigia, uombe kupangiwa malipo upya. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Ripoti yako ya CRB, ofisi inayotunza rekodi za mikopo, unaweza kuipata bure mara moja kwa mwaka. Iitishe, kwa maana mtu anayesahau madeni husahau pia yale aliyokwisha kuyalipa.

Neno la tahadhari: si kila anayezama kwenye madeni Nairobi ana ADHD. Gharama ya maisha peke yake inatosha kumzamisha mtu. Kukosa usingizi na sonona pia hufanana nayo. Daktari atauliza kama dalili zilikuwepo kabla ya umri wa miaka 12, na kama zinajitokeza kazini na nyumbani pia, si mahali pamoja tu. Wazazi wengi hujigundua mtoto wao anapopimwa, kwani hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Hospitali ya Mathari na ya Kenyatta zina wataalamu wa akili. Dawa, ukiandikiwa, hurahisisha kukaa chini na ile karatasi, ila haiijazi. Na deni likikuletea mawazo ya kujitoa uhai, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo, leo hii.

Ukija kwa mshauri wa fedha mara ya kwanza, usihangaike kutengeneza bajeti ili uonekane nadhifu. Piga *334#, itisha taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, uje nayo vilevile ilivyo. Kama una ripoti za shule zenye maneno “ana uwezo lakini hatulii”, zibebe pia.