Foleni ya choo cha wanawake huanzia kwenye mchoro

Kila inapokaribia Siku ya Choo Duniani, Novemba 19, malalamiko kuhusu vyoo vya stendi, masoko na kumbi huongezeka. Mengi ni ya uchafu na ukosefu wa maji, na hayo yana utaratibu wake unaofahamika. Lipo lalamiko moja ambalo wenye majengo wengi hawalipi uzito: upande wa wanawake foleni inafika nje, upande wa wanaume watu wanaingia na kutoka. Hilo ni suala la afya ya jamii kama yalivyo mengine, na chanzo chake kinajulikana.

Nianze na kauli ninayoisikia karibu kila ukaguzi ninaoufanya kama afisa afya, kwamba wanawake wanachelewa kwa sababu ya kujipamba. Vyoo vingi vya stendi havina hata kioo. Mwanamke anaingia amevaa gauni na kitenge juu yake, au baibui. Ana mkoba asioweza kuuweka kwenye sakafu iliyolowa, na mlango hauna hata msumari wa kuutundikia. Mara nyingi ana mtoto mgongoni na mwingine anamshika mkono. Akiwa kwenye hedhi anahitaji kubadilisha pedi, kunawa, na kutafuta pa kuitupa. Mjamzito ndiye anayehitaji choo mara nyingi zaidi kuliko mtu yeyote pale kituoni. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba mwanamke hutumia choo kwa muda wa takribani mara moja na nusu hadi mara mbili ya ule wa mwanamume. Muda huo haupungui kwa kumgongea mlango.

Sasa tuangalie mchoro. Ule unaoletwa kwetu mara nyingi unaonyesha jengo lililogawanywa katikati kwa ukuta, kila upande ukiwa na eneo lile lile. Chukua mfano wa upande wa wanaume wenye matundu 3 na mfereji wa haja ndogo wa kusimama watu 5, na upande wa wanawake wenye matundu 4. Mwenye jengo anaamini amewapendelea wanawake kwa tundu moja. Lakini wanaume wanaoweza kuhudumiwa kwa wakati mmoja ni 8, wanawake ni 4, na hao 4 wanahitaji muda mrefu zaidi. Ukipiga hesabu ya saa nzima, upande wa wanaume unaweza kupitisha watu mara tatu hadi nne zaidi. Foleni hiyo imejengwa kwa saruji na tofali tangu siku mchoro ulipopitishwa, na hakuna mhudumu anayeweza kuiondoa kwa ufagio.

Wapo wanaodai kuwapa wanawake matundu mengi zaidi ni upendeleo ulioletwa na wanaharakati. Mwongozo wa kitaifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unaelekeza tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na wavulana huongezewa mfereji wa haja ndogo. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 400 inatakiwa kuwa na matundu 20 ya wasichana na 16 ya wavulana. Walimu wakuu wanaijua hesabu hii. Sioni kwa nini msichana huyo akimaliza shule na kwenda kuuza nyanya sokoni ageuke mtu mwenye mahitaji sawasawa na mwanamume. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2005 inayotaka kumbi mpya, baa na majumba ya sinema yawe na vyoo viwili vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume.

Madhara ya foleni hii hayaonekani kwenye kitabu cha mapato ya choo. Mama lishe anayejua kwamba foleni itamtoa kwenye jiko lake kwa muda mrefu huacha kunywa maji tangu asubuhi. Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza hufanya hivyo hivyo. Kubana mkojo na kutokunywa maji ya kutosha huongeza uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mjamzito maambukizi hayo yanaweza kufika kwenye figo au kuchangia uchungu kuanza kabla ya wakati. Mabasi matatu yakiingia pamoja kwenye hoteli ya njiani, wanaume wamemaliza na wameshika chipsi mkononi wakati wanawake bado wamesimama kwenye mstari na dereva anapiga honi. Ndiyo maana wengine bado wanashinikiza basi lisimame porini wakachimbe dawa, jambo lililopigwa marufuku. Na huko porini pia mwanamume anageuka tu nyuma ya basi, mwanamke analazimika kwenda mbali vichakani.

Jambo jingine linalonisikitisha katika ukaguzi ni vyumba vilivyopo lakini havitumiki. Unakuta matundu manne kwenye karatasi, la nne limefungwa kufuli. Ukilifungua, ndani kuna mafagio, madumu na mabango ya uchaguzi uliopita. Mara nyingi chumba hicho ni cha upande wa wanawake, au ndicho kilichojengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Wazabuni wanaoendesha vyoo hivi wanapaswa kuelewa kwamba tundu lililofungwa halihesabiwi kwenye ukaguzi. Halikadhalika, chumba cha wanawake kisicho na pipa la taka lenye kifuniko hakijakamilika. Pedi zikitupwa shimoni choo kinaziba, na anayelaumiwa ni mwanamke ambaye hakupewa pa kuzitupa.

Mwananchi anayetaka kulalamika afike ofisi ya mtendaji wa kata na kumwona afisa afya wa kata. Ataje mahali, siku na saa, matundu yaliyokuwa wazi kila upande, na kiasi alichotozwa, ambacho maeneo mengi ni shilingi 200 au 300. Kama alipewa risiti, aje nayo. Huhitaji barua ya mwenyekiti wa mtaa wala wakili. Afisa atakagua na kujaza fomu ya ukaguzi. Akiona upungufu, atampa mmiliki au mzabuni notisi ya maandishi yenye maelezo ya kasoro na muda wa kuirekebisha. Muda ukiisha, ukaguzi unarudiwa. Asipotekeleza anaweza kutozwa faini kwa mujibu wa sheria ndogo za halmashauri, au kufikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Kulipa faini hakufuti notisi; kasoro inabaki palepale na lazima irekebishwe. Viwango vya faini hutofautiana, hivyo kila mmoja asome sheria ndogo za halmashauri yake. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya sheria.

Kwa wanaoomba vibali vya ujenzi: mchoro hupita kwa afisa afya pamoja na wataalamu wengine kabla ya kibali kutolewa. Andikeni kwenye mchoro wenyewe idadi ya watu watakaohudumiwa kwa wakati mmoja kila upande, mkihesabu na nafasi za mfereji. Mkiona upande wa wanaume umezidi, sogezeni ukuta wa kati kabla ya kuleta mchoro. Kufuta mstari kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache, lakini ukuta uliokwisha pigwa lipu na kuwekwa marumaru mtatakiwa kuuvunja kwa gharama zenu.