Kivinjari kuganda maana yake nini?

Hapa Tabora neno kuganda tumelizoea kwenye asali. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba asali ndooni hushika chembechembe, mwiko haupiti, na mgeni anadhani ameuziwa iliyochanganywa sukari. Kwenye kompyuta neno ni hilohilo, na lawama huenda pasipohusika vilevile. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kikiganda, wa kwanza kusingiziwa ni mtandao. "Mtandao leo hamna," mtu anasema, anaongeza bando, na ukurasa unabaki palepale.

Kuganda na kuchelewa ni vitu viwili. Ukurasa unaochelewa unasubiri data kutoka nje: kiduara kinazunguka, lakini ukibonyeza kurudi nyuma unarudi, na kichupo (tab) kingine unafungua bila shida. Ukurasa ulioganda mara nyingi data umeshaipata, ila haukusikii. Unabonyeza, kimya. Unasogeza chini, kimya. Baada ya nusu dakika, mibonyezo yote sita uliyoipiga kwa hasira inafanyiwa kazi kwa mkupuo, na hapo ndipo fomu hutumwa mara mbili.

Kwa nini usikusikie? Wa Tabora hahitaji mfano wa mbali, maana tunaishi kwenye njia panda ya reli. Reli ya zamani ya kati, iliyofika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ni ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana hazipishani porini; moja husubiri stesheni hadi nyingine ipite. Treni ya mizigo ikikwama katikati, abiria wa treni iliyo nyuma yake hata wapige kelele namna gani hawaendi popote. Ndani ya ukurasa wa wavuti kuna njia moja kama hiyo. Juu yake hupita kazi karibu zote: kutekeleza maagizo ya JavaScript (lugha ya programu zinazoendesha kurasa), kupanga maandishi na picha mahali pake, na kupokea mibonyezo yako. Hadi moja imalize ndipo nyingine ipite. Ukurasa uliojaa matangazo, video zinazojicheza zenyewe na jedwali la mistari elfu huleta treni ndefu mno, na kidole chako kiko nyuma yake.

Zamani kivinjari kizima kilitegemea njia hiyo moja, ukurasa mmoja ukiganda vyote vinaganda. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilivitenga vichupo, kila kimoja na njia yake, na vivinjari vingine vikaja kufanya kazi kwa mtindo huo. (Vichupo vya tovuti moja bado vinaweza kuchangia njia, kwa hiyo usishangae viwili vikiganda pamoja.) Ndiyo sababu kipimo cha kwanza ni kufungua kichupo kingine na kuingia tovuti tofauti. Ikifunguka vizuri, mtandao upo na kivinjari ni kizima. Mgonjwa ni ukurasa ule. Kwenye Chrome ya kompyuta ya Windows bonyeza Shift pamoja na Esc: inakuja orodha ya vichupo na kiasi cha kumbukumbu (RAM, nafasi ambako kompyuta huweka kazi inayoendelea) ambacho kila kimoja kinakula. Mlafi unamzima peke yake, wengine wanaendelea.

Hali ni tofauti ikiwa kila kitu kinasuasua, hadi kishale cha mausi kinarukaruka. Hapo angalia hiyo RAM. Kompyuta nyingi za mtumba tulizo nazo kwenye steshenari zetu zina GB 4, nyingine 2. Mteja mmoja anaacha barua pepe wazi, wa pili anafungua fomu ya mkopo, wa tatu video, na hakuna anayefunga. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni ya polepole kuliko RAM mara maelfu. Taa ya diski inawaka haizimi. Funga vichupo. Ukipata hela, weka diski ya SSD (isiyozunguka, yenye kasi zaidi) na uongeze RAM; kwa mashine ya zamani sioni matumizi bora zaidi ya hela hiyo.

Kuna na viendelezi, vile vijiprogramu vya kupakua video au kuzuia matangazo ambavyo mtu huviweka akasahau. Kuvipima ni rahisi: fungua ukurasa uleule kwenye hali fiche (Incognito), ambako kwa kawaida huwa vimezimwa. Ukurasa usipoganda huko, rudi uvizime kimojakimoja hadi umkamate mhusika.

Sasa ile dawa ya mtaani, "futa kashe". Kashe ni nakala za picha na mafaili ambazo kivinjari hujiwekea ili kisizipakue tena. Kuifuta husaidia pale nakala imeharibika au imepitwa na wakati. Kuifuta kila siku ni kujitia hasara ya bando, kwani vyote vitapakuliwa upya. Na usiweke tiki kwenye vidakuzi (cookies, alama zinazoifanya tovuti ikukumbuke) bila sababu, utatolewa kwenye akaunti zako nyingi.

Kama kilichoganda ni fomu ndefu uliyokwisha kuijaza, iondoe kwanza mikono kwenye kibodi. Ipe dakika moja au mbili. Ikikataa, piga picha kioo kwa simu kabla hujafunga, maana ambacho hakijatumwa kinaweza kupotea chote.