Biriani ya kufungiwa uondoke nayo haina VAT? Isome risiti yako

Ijumaa mchana, Makadara, foleni ya biriani imefika barabarani. Jamaa aliye mbele yangu anamwambia mhudumu, "Nifungie, sitaki kulipia VAT ya kukalia meza." Mhudumu akacheka, akamfungia, akamtoza bei ile ile.

Kwamba chakula cha kufungiwa hakina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ndiyo dhana iliyoota mizizi sana Mombasa, na mimi nashuku inaletwa na ndugu zetu wa Uingereza. Huko kweli sandwichi baridi ukiondoka nayo kwa kawaida haina VAT, ukiilia mezani ni asilimia 20. Chakula cha moto hutozwa hata ukiondoka nacho. Kenya hatuna mgawanyo huo. Chini ya Sheria ya VAT ya 2013, chakula cha mkahawa uliosajiliwa ni asilimia 16, ule kwa sahani, ufungiwe au uletewe na bodaboda.

Wengine huuliza: viazi na vitunguu vya soko la Kongowea havina VAT, viazi karai vitozwe kwa nini? Mazao mabichi yamesamehewa, ndiyo. Mkahawa ukishayapika na kuyauza, msamaha umeishia jikoni. Na kwa kuwa mwenye mkahawa hakulipa VAT kwenye viazi hivyo, hana cha kukata anapowasilisha hesabu kwa KRA, mamlaka ya kodi, tofauti na mafuta ya kupikia aliyoyanunua na VAT yake.

"Kibandani hawatozi, basi wanakwepa kodi." Pole pole jamani. Mtu analazimika kujisajili kwa VAT mauzo yanayotozwa yakifika shilingi milioni 5 kwa miezi 12. Gawanya kwa siku 365, ni kama shilingi 13,700 kila siku. Mama wa mahamri anayeuza moja shilingi 10 itabidi atoe mahamri 1,370 kwa siku, mwaka mzima, Ramadhani na Idi zikiwemo. Nani huyo?

Kinachoniudhi mimi ni kinyume chake. Asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza VAT hata senti, lakini nimewahi kuandikiwa "16%" kwa kalamu kwenye kikaratasi kisicho na PIN (namba ya mlipa kodi) wala jina la mkahawa. Risiti halali ya VAT hutoka kwenye mfumo wa kielektroniki wa KRA, kama eTIMS, na ina msimbo wa QR unaoweza kuuskani kwa simu ukiwa bado hujainuka.

Kwa wanaodhani VAT ni ya kaunti, kwa ufupi: Katiba, kifungu cha 209, imeipa serikali ya kitaifa peke yake uwezo wa kutoza VAT. Kaunti ya Mombasa ina leseni zake za biashara.

Sasa ile mistari ya chini ya risiti. Chakula shilingi 1,000, VAT 160, CTL 20, jumla 1,180. Wengi huiona hiyo 20 wakadhani ni bahashishi ya mhudumu, wakaondoka bila kumwachia kitu. Ni tozo ya asilimia 2 ya utalii, inaenda kwa Hazina ya Utalii. Ada ya huduma nayo ni mstari mwingine, wala si kodi. Isipozidi asilimia 10 ya bei, na ikigawiwa wafanyakazi moja kwa moja kwa makubaliano ya maandishi, haihesabiwi VAT. Mwajiri akiitia mfukoni mwake, inatozwa kama biriani yenyewe.