Seli za mafuta na inflamesheni ya unene uliopitiliza

Ukijikata kidole, pale palipokatika hupata wekundu, huvimba na kuuma. Hiyo ni inflamesheni: kinga ya mwili iko kazini, na kidonda kikipona, nayo hutulia. Mtu mwenye unene uliopitiliza huwa na inflamesheni ya namna nyingine, ya chini chini, isiyouma wala kuonekana, ambayo huweza kudumu miaka mingi. Chimbuko lake kubwa ni seli za mafuta zenyewe.

Zamani seli hizi zilidhaniwa kuwa ghala la nishati tu. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF-alfa, kemikali inayochochea inflamesheni, na kwamba kemikali hiyo huidhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu kwa kuiwezesha kuingia kwenye seli. Mwaka uliofuata ikagunduliwa leptini, homoni ambayo seli hizo hizo huitoa kuuarifu ubongo juu ya akiba iliyopo. Kumbe mafuta nayo huamua mambo mwilini.

Kinachoharibika ni nini basi? Chakula kikizidi mahitaji kwa muda mrefu, seli ya mafuta hutanuka, pengine hadi kipenyo chake kupita mikromita 100, na oksijeni ya kwenye damu huanza kuifikia kwa shida. Ikielemewa hivyo hutoa kemikali za kuita kinga. Nyingine hufa kabisa. Zinazoitikia wito ni makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza mabaki. Kwenye hadubini utaziona zimeizingira pande zote seli moja iliyokufa, zikihangaika na tone la mafuta lililo kubwa kuliko zenyewe. Kazi haiishi, kwa hiyo haziondoki. Nazo hutoa TNF-alfa na interlukini-6, kemikali nyingine ya kuchochea inflamesheni, zikaita makrofaji zaidi. Katika mafuta ya mtu mwembamba, makrofaji kwa kawaida hazifiki 10% ya seli zote. Kwa mtu mnene sana zinaweza kufika 40%. Wakati huo huo adiponektini, homoni ya kutuliza inflamesheni, hupungua.

Mafuta yaliyozunguka utumbo ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana damu yake huenda moja kwa moja kwenye ini. Ini nalo huongeza protini ya CRP, ile inayopimwa maabara kuonyesha kama mwili una inflamesheni. Misuli huacha kuitii insulini, sukari hupanda, na kuta za mishipa ya damu huanza kudhurika.

Hivyo mizani peke yake haitoshi. Watu wawili wa uzito mmoja, mmoja akiwa na seli nyingi ndogo chini ya ngozi na mwenzake seli chache zilizojaa kupita kiasi tumboni, hawako katika hatari sawa, na kumhukumu mtu kwa kumtazama tu ni kumkosea. Mtu mzima akipungua uzito, idadi ya seli hizi haibadiliki sana. Zinazosinyaa ni seli zenyewe. Hata kupungua 5% hadi 10% ya uzito huifanya insulini ifanye kazi vizuri zaidi.