Kipimo kikubwa si lazima kione zaidi moyoni

Wazazi wengi wa watoto waliozaliwa na kasoro za moyo huamini kwamba kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani ekokadiografia, ni cha awali tu, na kwamba ukweli wote hupatikana kwenye CT skani (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) au MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku). Dhana hiyo si sahihi. Tundu dogo kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo, au vali inayovujisha damu, kwa kawaida huonekana vizuri zaidi kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu kipimo hicho huonyesha moyo ukipiga na hukadiria kasi ya damu papo hapo, tena bila mionzi.

Udhaifu wake ni kwamba mawimbi hayo huzuiwa na mifupa na hewa ya mapafu, hivyo upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, au matawi ya mishipa ya mapafu huweza kufichika, hasa mtoto anapokua. Hapo ndipo CT skani hufaa: huchora mishipa kwa sekunde chache, ingawa hutumia mionzi. MRI haina mionzi na hupima vizuri ujazo wa vyumba vya moyo, lakini huchukua muda mrefu, na mtoto mdogo asiyeweza kutulia mara nyingi hulazimika kupewa dawa ya usingizi.

Shinikizo la damu ndani ya mishipa ya mapafu, hata hivyo, hupimwa moja kwa moja kwa katheta pekee, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni. Picha hukadiria tu.