Huddleston hakukimbilia Masasi

Nasahihisha insha za kidato cha nne, na sentensi ni ileile ya mwaka jana: "Padri Trevor Huddleston alifukuzwa na Makaburu, akakimbilia Masasi, akaandika kitabu chake." Nimeipiga mstari mwekundu mpaka karatasi ikatoboka. Sentensi moja, makosa matatu.

La kitabu ni jepesi. Naught for Your Comfort kilitoka 1956. Masasi alikuja 1960. Hesabuni wenyewe.

Linalonikera ni hilo la kufukuzwa. Makaburu hawakumpenda, hilo halina ubishi. Alifika Sophiatown, mtaa wa Waafrika mjini Johannesburg, Afrika Kusini, 1943, na serikali ilipoanza kuwahamisha watu kwa nguvu, 1955, alisimama upande wao. Shule ya St Peter's nayo ikafungwa, maana shirika lake liliona heri kufunga kuliko kufundisha Bantu Education, elimu ya kibaguzi ya Makaburu kwa Waafrika. Lakini aliyemwondoa si waziri wala polisi. Ni shirika lake mwenyewe la watawa, kule Mirfield, Uingereza. Mtawa ana nadhiri ya utii. Mkubwa akisema rudi, unafunga virago. Ndiyo maana kitabu kinaanza na habari za kuagana: anaiaga nchi iliyomwingia damuni, na wanaomng'oa ni ndugu zake wa shirika. Mkisema Makaburu ndio waliomfukuza, mnamfuta mtawa huyo mtiifu mnabakiza shujaa wa sinema.

Ndugu zake walimwita ili asikamatwe, au walichoshwa na kelele zake? Darasani nasema la kwanza. Nikiwa peke yangu siliamini sana.

Na kukimbilia? Jamani, mtu hakimbilii uaskofu! UMCA, misheni ya Kianglikana, ilikuwa Masasi tangu 1876, dayosisi tangu 1926, na yeye alikuja kushika kiti kilichokuwapo, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika. Uhuru ulimkuta hapa. Akawa rafiki wa Mwalimu Nyerere, na alipoondoka 1968 kiti kikashikwa na Mtanzania, Hilary Chisonga. Miaka minane hiyo haijapewa hata nusu ya maneno yaliyoandikwa juu ya Sophiatown, nami lawama nawatupia walimu wenzangu kabla ya Wazungu.

Wapo hapa mjini wanaobisha kwamba alitupenda sisi zaidi. Mimi ni Mmakua wa Masasi, ningefurahi iwe hivyo. Ila alipofariki 1998, majivu yake yalipelekwa Sophiatown, kwenye kanisa la Christ the King, na sina hoja ya kulijibu hilo.